Vijitu vyeupe vya anga vya LEGO vinageuka njano hata gizani. Ni jua, joto la bati au nini?

#1 Mwisho wa Reli

Wakuu, salaam.

Kwa wale wachache humu wenye ugonjwa wa kukusanya LEGO (yale matofali ya plastiki ya kuunganisha) za anga, najua mpo, mnajificha, karibuni. Mimi nakusanya zile za zamani, vijitu vya wanaanga wenye nembo ya sayari ya dhahabu kifuani, zilizoanza kutoka 1978. Nipo Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga. Vingi nimevichambua kwenye mafungu ya midoli ya mitumba, vichache nimeagiza nje.

Hoja yangu ni hii: habari ya kwamba jua ndilo linalogeuza nyeupe kuwa njano si kweli, au si kweli yote. Vijitu vyangu vyeupe vinakaa kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, juu ya kabati, chumba chenye pazia zito. Jua havilijui. Juzi nimefungua, nakuta viwili vimekuwa rangi ya jino la mvuta sigara. Vingine vitatu vilivyolala navyo humo humo viko vyeupe pee. Aina moja, kopo moja, kabati moja.

Kimoja nilipokivua mtungi wa hewa mgongoni ndio nikachoka kabisa. Chini ya mtungi pamebaki peupe, umbo lake limejichora mgongoni kama lilivyo, na kiuno pale kinapoingia kwenye miguu nacho bado cheupe. Sasa nielezeni, giza lina miale?

#2 Kimya Kimya

Mtu mzima na ndevu zako unavua mwanasesere mtungi usiku. Mahari utalipa lini?

#3 Mgebuka Mkavu

Ngoja wajuvi waje. Nimeweka kambi hapa.

#4 Fundi Bati

Mkuu jibu unalo kichwani kwako, yaani juu ya kichwa chako. Nyumba ina dari? Maana nyumba nyingi za Mwanga nimezipaua mimi, najua zilivyo. Bati tupu, mchana kuanzia saa saba chumba kinawaka. Halafu wewe ukachukua kopo la bati ukaliweka juu ya kabati, karibu kabisa na paa. Umetengeneza tanuri ukaita hifadhi. Pazia zito ndiyo umeongeza, upepo wa ziwa haupiti.

Plastiki haihitaji jua kuharibika, joto linatosha. Angalia vishikio vya sufuria, angalia rimoti ya runinga iliyokaa karibu na jiko. Shusha hilo kopo chini ya kitanda uone kama vile vitatu vitageuka.

#5 Binti Ujiji

Mwisho wa Reli, wewe umenunua mitumba halafu unasema jua havilijui. Havilijui tangu vifike kwako! Hao wanaanga wana miaka arobaini na kitu. Kabla ya kufika Kigoma walikaa wapi? Inawezekana wamepangwa dirishani kwa mtoto wa Kijerumani miaka kumi, wakaenda stoo ya chini, wakatolewa msaada, wakafungwa robota, wakapanda meli. Umevikuta vichafu kwenye fungu, umeviosha, hukuangalia rangi vizuri.

Na huo mgongo ndio ushahidi wenyewe. Penye mtungi peupe, pasipo na mtungi njano. Kilichofanya hiyo kazi kilikuwa kinapiga kutoka nje. Huo ni mwanga.

#6 Mwisho wa Reli

Binti Ujiji, heshima yako, ila kimoja kati ya hivyo viwili nina picha yake siku nilipokinunua. Nimekiweka juu ya karatasi nyeupe ya daftari na rangi zinalingana. Leo nimerudia picha hiyo hiyo, karatasi nyeupe, kijitu njano.

Fundi Bati, dari ipo, ya ubao mwembamba. Ila kopo kweli lipo juu ya kabati.

#7 Mgebuka Mkavu

"Dari ya ubao mwembamba" kwa Kigoma maana yake makazi ya popo.

#8 Kemia ya Jioni

Nafundisha kemia huku Kasulu, niwape kidogo.

Plastiki ya LEGO inaitwa ABS, wanaitumia tangu 1963. Kabla ya hapo walikuwa na plastiki nyingine iliyokuwa inapinda. ABS ni vitu vitatu vimeunganishwa: akrilonitraili, butadaini na staireni. Butadaini ndiyo mpira wake, ndiyo inafanya tofali lidondoke sakafuni lisipasuke. Bahati mbaya huo mpira ndio sehemu dhaifu, oksijeni ya hewani inauandama. Mwanga wa jua unaanzisha na kuharakisha, joto nalo linaharakisha, lakini oksijeni peke yake inaweza kuendelea na kazi gizani, polepole.

Kwa hiyo mgongo mweupe chini ya mtungi hauthibitishi mwanga. Mtungi ulizuia mwanga, na ulizuia hewa pia. Ushahidi mmoja, washtakiwa wawili.

#9 Binti Ujiji

Mwalimu, basi nieleze kwa nini vitatu havijageuka. Hewa ya kopo ni moja.

#10 Kemia ya Jioni

Hapo ndipo pagumu. Kiwandani kila mchanganyiko wa plastiki unawekewa rangi na viungo vya kuizuia isizeeke haraka, na si kila mchanganyiko unatoka sawa. Hata kijitu kimoja, mikono, kiwiliwili na miguu vinamiminwa mbali mbali kisha vinaunganishwa. Ndiyo maana unaweza kukuta mwanaanga ana kifua cheupe na mguu mmoja njano.

#11 Asali Mbichi

Mwangaluka! Niingie kutoka Tabora. Jibu ni bromini. Kuna dawa za kuzuia moto zinachanganywa kwenye plastiki, zina bromini ndani, zikipata mwanga zinageuka njano. Hii ipo kwenye intaneti tele, watu wanaosafisha kompyuta za zamani wanaijua. Mnazunguka mbuyu wa nini?

Halafu Kigoma hamna joto. Njooni Tabora mwezi wa kumi.

#12 Kemia ya Jioni

Asali Mbichi kasema: "Jibu ni bromini."

Hiyo habari inahusu maganda ya kompyuta za miaka ya themanini, na huko ina mantiki. Ganda la kompyuta lina umeme ndani, lazima liwekewe dawa ya kuzuia moto. Tofali la mtoto lina umeme gani? Watu walichukua maelezo ya kompyuta wakayabandika kwenye LEGO kwa sababu rangi inafanana. Hata kwa kompyuta zenyewe wapo wanaosema mzigo mkubwa ni ule mpira wa butadaini.

#13 Asali Mbichi

Mwalimu hujathibitisha kwamba haimo. Umesema tu haina sababu ya kuwemo. Hivyo ni vitu viwili.

#14 Mzee wa Kibirizi

Wanangu, mimi simo kwenye kukusanya, ila mjukuu wangu alitumiwa na shangazi yake chombo cha anga cha hayo matofali, cheupe na bluu. Kilikaa rafu ya sebuleni, na jiko letu la mkaa liko ukumbi wa nyuma, mawese yanachemka karibu kila siku. Chombo kile kiligeuka njano, ila ukikipitisha kidole unasikia utando unanata. Mama yake alikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, kikarudi cheupe karibu chote.

Sasa kabla hamjafika kwenye mambo ya mpira, je, mmeviosha?

#15 Mwisho wa Reli

Shikamoo mzee. Nimeviosha kwa mswaki na sabuni, njano haitoki. Imeingia ndani.

#16 Fundi Bati

Mzee kaongea la maana lakini. Nusu ya Kigoma ukikuta kitu njano, anza na mawese.

#17 Binti Ujiji

Kabla hatujaenda mbali, swali kwa wenye vyombo vya kijivu. Kuna watu wanalia kijivu chao "kimegeuka njano" kumbe hakijageuka kitu. LEGO walibadilisha kijivu mwaka 2004. Cha zamani kilikuwa na ujoto fulani, kinaelekea udongo. Kipya kinaelekea bluu. Ukichanganya vya mafungu mawili mezani, cha zamani kitaonekana kimeoza wakati ndiyo rangi yake ya kuzaliwa. Nimewahi kuona kijana Katubuka anaviloweka kwenye Jik vijivu vizima kabisa. Na Jik haisaidii, inakula tu michoro.

Kipimo ni kimoja: chomoa tofali mbili zilizokuwa zimebanana, angalia sehemu iliyofichika. Ikilingana na ya nje, hiyo ni rangi ya kiwandani.

#18 Mgebuka Mkavu

Sasa hapa nimepona. Nina vyombo viwili vya kijivu vya polisi wa anga nilikuwa nishavikatia tamaa.

#19 Kimya Kimya

Hivi mnajua Kigoma tulishapokea seti kubwa kuliko zote dunia nzima na hatujigambi? Meli ya Liemba. Imeundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kuunganishwa hapa hapa. Maelekezo ya kuunganisha sijui walikuwa nayo ya lugha gani. Waingereza wakaizamisha, ikafufuliwa, ikasafirisha watu na dagaa mpaka juzi juzi.

Nyie mnalia na vijitu vya sentimita nne.

#20 Mzee wa Kibirizi

Kimya Kimya, meli yetu usiiseme vibaya. Waingereza hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, upande wa mdomo wa Malagarasi, wasimwachie adui. Na kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina la kwanza ilikuwa Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg, na masanduku husemwa yalikuwa elfu tano. Reli ilifika hapa 1914, bila hiyo reli yasingefika.

#21 Mgebuka Mkavu

Seti ya masanduku elfu tano, hakuna kipande kilichopotea chini ya kochi. Wajerumani wale walikuwa watu.

#22 Fundi Bati

Mzee umenipa wazo. Kama grisi iliokoa injini chini ya maji miaka nane, si tuvipake vijitu mafuta kidogo hewa isivifikie? Vaselini tu.

#23 Kemia ya Jioni

USIPAKE. Injini ni chuma. ABS ikikutana na mafuta ya namna fulani huku imebanwa, inapasuka. Na kijitu kimebanwa kila mahali: mikono imesukumwa kwenye kiwiliwili, kichwa kimekaa kwenye shingo. Mnaona zile nyufa ndogo pembeni ya kiwiliwili, chini ya kwapa? Zinakuja zenyewe bila mafuta. Ukiongeza mafuta unazitafutia kasi.

#24 Asali Mbichi

Nyufa zimetajwa, nami nina kilio changu. Helmeti. Wanaanga wangu watano, helmeti nne zimepasuka kidevuni, pale kwenye kile kiuzi chembamba. Hii nayo ni oksijeni au kuna mtu ananiroga?

#25 Binti Ujiji

Hapana, hizo ni za kwanza, mkanda wa kidevu ulikuwa mwembamba mno. Mtoto akivua na kuvalisha mara kadhaa, tak! Baadaye wakauongeza unene. Ni kasoro maarufu kiasi kwamba ile filamu ya LEGO ya 2014 yule mwanaanga wa bluu wamemchora na helmeti iliyopasuka hapo hapo kidevuni na nembo iliyochubuka. Kampuni ilijitania yenyewe.

Helmeti nzima ya zamani, nyeupe, ni mali. Ukiipata kwenye fungu nyamaza, lipa, ondoka.

#26 Mwisho wa Reli

Binti Ujiji, wewe ndiye unayenitangulia sokoni Jumamosi, sasa nimekujua.

#27 Binti Ujiji

Anayelala hadi saa tatu asilaumu mtu.

#28 Kimya Kimya

Swali la dhati sasa, sitanii. Hivi vitu vina hela? Maana kama vina hela mimi naacha dagaa leo.

#29 DagaaDhahabu

Vina hela vikiwa kwenye boksi ambalo halijafunguliwa. Kuna wachumi wa chuo cha HSE cha Moscow walitoa utafiti 2021, walifuatilia bei za seti 2,322 za kati ya 1987 na 2015 kwenye soko la mkononi, wakaona wastani wa kupanda kama 11% kwa mwaka. Ila hizo ni seti zilizofungwa, kwenye masoko ya Ulaya na Marekani. Na wastani ni wastani, nyingine zilianguka vibaya.

Sasa wewe wa Kigoma piga hesabu. Usafirishaji, ushuru, kusubiri, halafu umuuzie nani? Mteja yuko Ohio. Utamtumia tena boksi kubwa kwa gharama ya kununua mbuzi wanne. Faida yote imekwenda posta.

Kijitu kimoja kimoja ndicho kinachosafirika. Bahasha moja, gramu chache.

#30 Kimya Kimya

Narudi kwenye dagaa.

#31 Asali Mbichi

Na hata vijitu siku hizi feki nyingi. Kuna jamaa waliokuwa wananakili seti nzima za LEGO kwa jina la Lepin, polisi wa Shanghai waliwavamia 2019 na mwaka uliofuata mkuu wao akafungwa. Lakini wengine bado wapo. Mwisho wa Reli, ving'oe vichwa hivyo viwili vilivyogeuka. Juu ya shingo angalia kama kuna jina. Feki inaweza kugeuka njano kabla hujamaliza kula.

#32 Mwisho wa Reli

Kimoja nimekiangalia, jina lipo, herufi ndogo ndogo lakini zinasomeka ukigeuzia mwanga. Cha pili...

Cha pili shingo iko laini. Haina kitu. Na mchoro wa sayari kifuani ukiuangalia kwa makini, ule mkanda mwekundu wa roketi umehama mahali pake kidogo.

#33 Mgebuka Mkavu

Aisee.

#34 Asali Mbichi

Kesi imekwisha. Uzi tayari.

#35 Binti Ujiji

Haijakwisha. Kimoja ni halisi na kimegeuka, na ndicho chenye picha. Au mwenye picha ni yule feki? Mwisho wa Reli, usikae kimya.

#36 Mwisho wa Reli

Mwenye picha ni halisi. Mwenye alama ya mtungi mgongoni ni yule mwenye shingo laini.

#37 Kemia ya Jioni

Basi ule ushahidi wa mgongo tuuweke kando, hatujui plastiki yake ni ipi. Tunabaki na kijitu kimoja halisi kilichogeuka gizani, na vitatu halisi (viangalie shingo navyo!) ambavyo havikugeuka.

#38 Fundi Bati

Na joto la bati. Msilisahau joto la bati.

#39 Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mzazi tu. Wanangu wanavipenda hivi vijitu vya anga. Mdogo aliniuliza kwa nini wote ni njano wa sura na hakuna anayefanana naye. Nilikosa jibu. Kuna vyenye sura nyeusi?

#40 Binti Ujiji

Vipo, dada. Tangu 1978 vichwa vyote vilikuwa njano kwa makusudi, eti visiwe vya taifa wala rangi ya mtu. Hiyo ilikwenda sawa mpaka walipoanza kutengeneza watu wanaojulikana. Seti za filamu za Star Wars zilianza 1999, na hata hao walifanywa njano. Mwaka 2003 wakatoa seti ya mji wa mawinguni, namba 10123, yenye Lando Calrissian, mhusika mweusi wa filamu hizo, na yeye wakampa sura ya kahawia wakati wenzake wenye sura wazi kwenye boksi hilo hilo ni njano. Ikaonekana kichekesho: mmoja ana rangi ya mtu, waliobaki rangi ya ndizi mbivu. Mwaka uliofuata wakaanza kuwapa rangi za kibinadamu wote wa seti za filamu. Za kwao wenyewe, zisizo za filamu, zikabaki njano.

Ukitaka vya bei nafuu tafuta vya seti ndogo za Star Wars za miaka hii. Hiyo 10123 usiitazame, kijitu chake cha Boba Fett chenye michoro hadi mikononi na miguuni ni bei ya pikipiki.

#41 Mama Wawili

Asante sana.

#42 Kimya Kimya

Bei ya pikipiki?? Kijitu?? Nimerudi tena.

#43 Mnyamwezi Mpole

Nimesoma kote. Hakuna aliyetaja maji ya kusafishia vidonda. Ile hidrojeni peroksidi ya duka la dawa. Mimi nina chombo cha 1979, kile kikubwa cha bluu na kijivu chenye vioo vya njano, seti namba 497. Mabawa yake ya bluu yalikuwa yamepata ukijani mbaya. Nililoweka vipande kwenye bakuli la kioo, nikafunika kwa nailoni, nikaweka uani juani, nikawa nageuza kila nikipita. Ya duka la dawa ni hafifu kwa hiyo inachukua muda, usitegemee muujiza wa siku moja. Vaa glavu, na usitumie chombo cha chuma.

Ilirudi bluu. Safi kabisa.

#44 Asali Mbichi

Mnyamwezi Mpole, subiri. Wangu niliwafanyia hivyo, wakawa weupe, nikafurahi, baadaye wakarudi njano tena wakiwa kabatini. Na kimoja kikapata mabaka kama mtu mwenye mba, kwa sababu kilielea juu ya maji. Unatoa rangi, hutoi ugonjwa.

#45 Mnyamwezi Mpole

Langu bado bluu. Labda nyeupe na bluu ni tofauti. Au peroksidi yako ya Tabora imechanganywa na asali.

#46 Mgebuka Mkavu

Angalieni lakini: dawa inahitaji jua ili itoe njano. Na jua ndilo mnasema linaleta njano. Hapo ndipo kemia inaponishinda.

#47 Kemia ya Jioni

Mgebuka, ni kweli linafanya yote mawili. Kwenye peroksidi, mwanga unaipa nguvu ya kuvunja vile vitu vyenye rangi vilivyojitengeneza juu ya plastiki. Ukiwa hewani bila dawa, mwanga huo huo unavitengeneza. Wapo wakusanyaji wanaosema hata jua tupu bila dawa liliwang'arishia vipande. Wengine walifanya hivyo hivyo vikaungua zaidi. Inategemea ni miale ipi na joto kiasi gani.

#48 Fundi Bati

JOTO.

#49 DagaaDhahabu

Tufanye jaribio, tuache porojo. Vipande vinne vyeupe, halisi, vya umri mmoja. Kimoja kifungwe karatasi ya fedha kiwekwe juu ya kabati la Mwisho wa Reli. Kimoja kifungwe hivyo hivyo kiwekwe chini ya kitanda. Kimoja dirishani kwa Binti Ujiji. Kimoja kwa Mzee wa Kibirizi, karibu na mawese.

#50 Mwisho wa Reli

Umri mmoja nitaupata wapi? Mitumba haiji na cheti cha kuzaliwa.

#51 DagaaDhahabu

Nunua boksi jipya. Kile chombo cha 1979 walikitoa upya 2022, namba 10497, vipande 1,254, cha kwanza kilikuwa 338. Wanaanga wanne wapya kabisa, wekundu wawili na weupe wawili.

#52 Mwisho wa Reli

Yaani ninunue boksi jipya nilichome juani makusudi. Haya.

#53 Kemia ya Jioni

Na hata ukilinunua, hiyo ni plastiki ya 2022. Haitakuambia kitu kuhusu ya 1978.

#54 Mzee wa Kibirizi

Mimi kipande changu kileteni. Jiko lipo.

#55 Mama Wawili

Samahani tena. Sisi tatizo si njano, ni mende. Wamekula stika za chombo na kingo za kijitabu cha maelekezo. Nifanyeje?

#56 Binti Ujiji

Gundi ya stika ndiyo wanayoifuata. Boksi la karatasi litupe, mende wanazaliana humo, hamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Maelekezo usihangaike, kwenye tovuti ya LEGO yanapakuliwa bure, kuanzia seti za miaka ya tisini katikati kuja huku. Andika namba ya seti tu. Za zamani zaidi kuna mashabiki wamezipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

#57 Fundi Bati

Ndoo iwe ya rangi nzito, na isikae juu ya kabati.

#58 Mama Wawili

Namba ya seti inaandikwa wapi? Mende wamekula jalada.

#59 Binti Ujiji

Weka picha ya chombo hapa, tutakutajia.